Adriano Atiman, muganga na katekista: miaka 67 kando ya ziwa Tanganyika

Kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, toka Makobola mpaka Swima na Mboko, si vigumu kukuta mtu mwenye kazi mbili. Asubuhi ni enfirmie kwenye kituo cha afya, jioni ni katekista, shemasi ao kiongozi wa kwaya. Watu wamezoea. Lakini swali linarudi mara kwa mara: mtu anayeshika sindano kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono wa pili, je, hapunguzi moja kati ya hizo? Wagonjwa wanapata muganga kamili ao nusu? Na Kanisa linapata mtumishi kamili ao nusu?

Hili swali si la leo. Ngambo ya ziwa letu, huko Karema upande wa Tanzania, aliishi mtu aliyelibeba kwa maisha yake yote. Jina lake ni Adriano Atiman. Alifika Karema mwaka wa 1889 na alikufa tarehe 24 mwezi wa nne mwaka wa 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kutunza wagonjwa na kufundisha dini. Hakuwa padri. Hakuwa Mzungu. Hakuzaliwa hata karibu na ziwa hili. Aliletwa Afrika ya kaskazini akiwa mtumwa, akasomeshwa udaktari Ulaya, kisha akatumwa kwa watu ambao hakujua hata neno moja la lugha yao. Namna alivyopanga kazi yake ili itumikie mwito wake ni habari inayofaa kujulikana hata upande wetu huu wa ziwa.

Mtoto wa mto Niger

Atiman alizaliwa karibu mwaka wa 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Leo hiyo ni inchi ya Mali. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati Watuareg, watu wa jangwa, walipomkamata na kumpeleka mbali na wazazi wake. Walivuka naye Sahara mpaka Metlili, mji wa kusini mwa Algeria, ambako watumwa walikuwa wanauzwa. Huko, mwaka wa 1876, Mapadri Weupe walimkomboa kwa pesa.

Wakati ule shirika la Mapadri Weupe lilikuwa bado jipya. Lilianzishwa mwaka wa 1868 huko Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Kukomboa watoto ilikuwa moja ya kazi zao kubwa. Mtoto akishanunuliwa kutoka kwa muuzaji, alitunzwa kwenye misioni, akafundishwa kusoma, kazi za mikono na dini.

Wakaaji wa Fizi na Uvira wasifikiri hii ni habari ya mbali. Njia hiyo hiyo ilitumiwa hapa. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Masanze mwaka wa 1880, na ile ya Kibanga, kwenye ghuba ya Burton karibu na Ubwari, mwaka wa 1883. Sehemu kubwa ya watu wa kwanza wa misioni hizo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Huko Rumonge, ngambo upande wa Burundi, wamisionere watatu waliuawa mwaka wa 1881.

Inafaa kusema ukweli wote. Kwa padri aliyelipa, ile pesa ilikuwa pesa ya uhuru. Lakini kwa mtoto mwenyewe, ilikuwa tena pesa inayopita kutoka mkono wa mtu mmoja kwenda mkono wa mwingine. Hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi. Hakurudishwa Tundurma. Alipewa nyumba nyingine, lugha nyingine, dini nyingine, na mwaka wa 1882 alibatizwa kwa jina la Adrien, ambalo kando ya ziwa letu liligeuka Adriano. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: mwito wa mtu aliyenunuliwa ni wa kwake kweli, ao ni wa yule aliyemnunua? Maneno ya Lavigerie hayawezi kujibu. Jibu liko katika yale Atiman aliyoyafanya baadaye, alipokuwa mtu mzima, mbali na Algiers.

Mpango wa Malta

Mwaka wa 1881 Lavigerie alifungua nyumba ya masomo kwenye kisiwa cha Malta, katikati ya bahari kati ya Afrika na Ulaya. Vijana Waafrika waliokombolewa walipelekwa pale ili wasome dawa kwenye chuo kikuu cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao. Lengo lilikuwa kupata watu wa aina mpya, ambao wangeitwa madaktari-makatekista.

Mpango huo ulikuwa na hesabu yake, na ni vizuri kuuelewa, sababu ndio uliotengeneza maisha ya Atiman.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya afya. Wamisionere kutoka Ulaya walikuwa wanakufa upesi. Homa iliwamaliza ndani ya miaka michache, wengine ndani ya miezi. Lavigerie aliona kwamba Afrika haitageuzwa na Wazungu wanaokuja kuzikwa. Kazi lazima ifanywe na Waafrika wenyewe.

Hesabu ya pili ilikuwa ya mlango. Padri mgeni akifika kijijini anaangaliwa kwa wasiwasi: anatafuta nini, ametumwa na nani? Muganga hana shida hiyo. Mgonjwa mwenyewe anamwita. Anaingia nyumbani kwa mfalme na nyumbani kwa mjane, saa ya usiku kama saa ya mchana, na hakuna anayemuuliza kibali.

Hesabu ya tatu ilikuwa ya nyumba. Padri haoi. Lakini muganga-katekista angeoa, angekuwa na watoto, angelima shamba. Watu wangeona jinsi mume Mkristo anavyoishi na mke wake, mambo ambayo padri hawezi kuonyesha.

Ya nne ilikuwa ya desturi. Lavigerie alitaka vijana hao wabaki Waafrika kwa mavazi, kwa chakula na kwa namna ya kuishi. Aliogopa kwamba kijana akizoea kuishi kama Mzungu, atarudi Afrika akiwa mgeni, na tena atahitaji gharama kubwa ya kumtunza.

Wengine watasema: kumbe dawa ilikuwa chambo tu, ya kuvulia watu! Hilo neno lina uzito, na kando ya ziwa ambako kila mtu anajua chambo ni nini, haliwezi kupuuzwa. Ni kweli kwamba katika mawazo ya waanzilishi, dawa ilikuwa njia ya kufikia roho. Lakini njia ya namna hiyo ina sharti lake: dawa isipoponya, njia inajifunga. Mtu aliyetumwa kwa mpango huo hakuwa na nafasi ya kuwa muganga mbaya. Njo maana Atiman alisoma kwa miaka, mpaka 1888.

Mpango wenyewe haukufika mbali. Nyumba ya Malta ilifungwa mwaka wa 1896. Kati ya vijana wote waliopita pale, wachache tu walifika kwenye maziwa makubwa kufanya kazi waliyosomea. Atiman njo aliyedumu kupita wote. Tunaweza kusema hivi: mpango ulikufa, mtu mmoja akauendeleza peke yake kwa miaka sitini baada ya kufungwa kwake.

Safari ya 1888

Mwaka wa 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya biashara ya watumwa Afrika. Mwaka huo huo, Atiman alijiunga na msafara uliokuja na Askofu Léonce Bridoux, aliyechaguliwa kuongoza misioni ya Tanganyika. Alikuwa na miaka 22 hivi.

Walipita Zanzibar, kisha bara. Wakati huo pwani ilikuwa katika vita: Abushiri na watu wake walikuwa wamesimama kupinga Wajerumani. Kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilometa elfu moja, na zilikuwa za kutembea kwa miguu. Mtoto aliyevukishwa Sahara kama mtumwa sasa alikuwa anavuka Afrika ya mashariki akiwa na dawa ndani ya mizigo ya wapagazi.

Karema, walikofika mwaka wa 1889, ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabeljiji wa shirika la mfalme Leopold II toka mwaka wa 1879. Mwaka wa 1885 ngome hiyo, pamoja na ile ya Mpala upande wetu wa Kongo, ilipewa Mapadri Weupe. Ziwa lilikuwa katika hofu. Huko Ujiji, Rumaliza alikuwa na nguvu, na watu wake walivamia vijiji vya kaskazini. Huko Mpala na Mulumbi, kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuwa anajaribu kulinda watu kwa bunduki chache. Mtumbwi ulioonekana kwa mbali majini, watu hawakujua kama unaleta samaki ao unatafuta watoto.

Na homa haikungoja. Askofu Charbonnier, wa kwanza wa misioni ya Tanganyika, alikufa mwezi wa tatu mwaka wa 1888, hata mwaka mmoja haukupita toka apewe uaskofu. Askofu Bridoux mwenyewe, yule aliyeongoza msafara wa Atiman, alikufa mwaka wa 1890. Maaskofu wawili ndani ya muda usiofika miaka mitatu. Kile Lavigerie alichohesabu kwenye karatasi kilionekana kwa macho: Wazungu walizikwa, Atiman akabaki.

Namna alivyopanga kazi

Jambo la kwanza alilofanya ni kukaa. Mapadri walihamishwa kutoka misioni moja kwenda nyingine, wengine walirudi Ulaya. Yeye alioa Agnes Wansahira, binti wa mfalme wa Wabende, wenyeji wa eneo la Karema. Kwa ndoa hiyo alipata mashemeji, akapata lugha, akapata nafasi ya kukaa kwenye baraza la wazee bila kuwa mgeni. Mtu aliyeibiwa kwa wazazi wake akiwa mtoto, akapewa ukoo mpya na mke wake. Kwa kazi ya muganga hilo ni kubwa, juu mgonjwa haelezi ugonjwa wake wote kwa mtu asiyejua ni mtoto wa nani.

Jambo la pili ni dawa zenyewe. Masanduku kutoka Ulaya yalikawia miezi mingi njiani, na mara dawa iliisha mbele ya msafara mwingine kufika. Atiman hakungoja tu. Pamoja na mambo ya Malta, alijifunza dawa za miti kutoka kwa wenyeji waliozijua, akachanganya maarifa hayo na yale ya chuo. Kwa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo. Wamisionere wengi waliona waganga wa kienyeji kuwa adui wa dini, bila kutenganisha mti na uchawi. Muganga Mwafrika alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kutenganisha: huu mzizi unatibu, hii kafara haitibu. Kwa namna hiyo, dawa ya mti haikumzuia kuwa katekista, na ukatekista haukumzuia kujifunza kwa mzee asiyebatizwa.

Jambo la tatu ni namna kazi mbili zilivyokutana ndani ya kazi moja. Kwa sheria ya Mapadri Weupe, mtu hakubatizwa mbele ya miaka minne ya kujaribiwa na kufundishwa: miwili ya mwanzo, na miwili mingine ya ukatekumeni kamili. Lavigerie alikataa ubatizo wa haraka. Lakini kulikuwa na njia nyingine kwa mtu aliyekaribia kufa: huyo aliweza kubatizwa palepale, kama anataka, na aliyembatiza si lazima awe padri.

Sasa, nani anayejua kama mgonjwa yuko karibu kufa? Muganga. Hapo njo Atiman alipokuwa na mzigo ambao padri hakuwa nao wala enfirmie wa kawaida hakuwa nao. Mtu yule yule aliyepaswa kupigana kwa nguvu zote ili mgonjwa asife, njo aliyepaswa kujua saa ya kumwambia kwamba dawa imefika mwisho. Akitangulia sana, anamvunja mgonjwa moyo kabla ya wakati. Akichelewa, kwa imani yake, mtu anaondoka bila msaada aliouhitaji. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayegawanya siku yake katika mafungu mawili, saa hizi za dawa na saa hizi za dini. Kitanda ni kimoja na saa ni moja.

Na kwa wale wasiokufa, ambao walikuwa wengi zaidi, mambo yalienda polepole. Mtu mwenye kidonda kikubwa cha mguu haponi kwa siku mbili. Anarudi asubuhi kwa asubuhi, kitambaa kinabadilishwa, kidonda kinaoshwa. Ndani ya wiki hizo anaona namna watu wanavyoishi kwenye misioni, anasikia katekismu, anauliza maswali. Wengine waliamua kufuata, wengine walipona wakarudi kwao kama walivyokuja. Atiman alikuwa na miaka mingi mbele yake, hakulazimika kuharakisha.

Kutoka kwinini mpaka penisilini

Ili kuelewa ukubwa wa miaka 67, angalia tu namna dawa zilivyobadilika ndani ya muda huo. Atiman alipofika Karema mwaka wa 1889, kwinini ilijulikana kuwa inapunguza homa, lakini hakuna daktari hata mmoja duniani aliyejua kwa hakika kwamba ni mbu anayeleta malaria. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross huko India mwaka wa 1897 na mwaka uliofuata. Kwa miaka yote ya kwanza, muganga wa Karema alipigana na adui ambaye alilia usiku masikioni mwake na hakuna aliyemjua.

Kisha ukaja malale. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huo ulishuka kwenye pwani za ziwa Tanganyika, pande zote mbili. Serikali za kikoloni, Wajerumani upande wa mashariki na Wabeljiji upande wa Kongo, zilihamisha watu kutoka vijiji vya kando ya maji ili kuwatenga na mbung'o. Vijiji vilibaki tupu. Dawa iliyokuwepo, atoxyl, iliweza kupofusha macho ya mgonjwa. Dawa bora zaidi zilikuja baada ya vita ya kwanza ya dunia.

Vita yenyewe ilipita pale pale. Wajerumani, Wabeljiji na Waingereza walipigana mpaka ndani ya ziwa kwa meli, na ile Götzen ya Wajerumani njo ambayo watu wa ziwa waliijua baadaye kwa jina la Liemba. Karema ilitoka mikononi mwa Wajerumani na mwishowe ikawa chini ya Waingereza. Bendera zilibadilika, muganga hakubadilika.

Alipokuwa mzee, zilifika dawa ambazo kijana wa Malta hakuweza kuziota: sulfa katika miaka ya 1930, na penisilini baada ya vita ya pili. Mtu aliyeanza na majani, kisu na kwinini, alimaliza katika wakati wa sindano zinazoponya kwa siku tano kidonda kilichohitaji miezi mitano. Mtu anayesoma mara moja tu katika ujana wake hawezi kutumika namna hiyo kwa miaka 67. Ilibidi aendelee kujifunza. Na hilo linagusa lile swali la mwanzo: mwito haukuwa sababu ya kuacha kujifunza kazi.

Gharama yake

Maisha haya yasisimuliwe kama kwamba yalikuwa matamu tu. Atiman hakuwa padri, kwa hiyo hakuwa na sauti katika maamuzi makubwa ya misioni. Alikuwa na masomo kupita Wazungu wengi waliotumika karibu naye, lakini katika macho ya ukoloni alibaki Mwafrika wa misioni. Jina la daktari, watu wa Karema walimpa kwa moyo. Serikali za wakati huo zilikuwa na daraja zao, na daraja la juu halikutengenezwa kwa ajili ya mtu mweusi.

Pia hakurudi kwao. Toka Metlili mpaka kifo, hakuona tena Tundurma. Kati ya Karema na mto Niger kuna Afrika nzima. Alikuwa mwenyeji wa Karema kupita wamisionere wote, lakini alikuwa pia mtu pekee pale ambaye hakuna jirani aliyeweza kusema alimjua mama yake.

Hapa njo tunaweza kurudi kwenye swali la mtoto aliyenunuliwa. Lavigerie alikufa mwaka wa 1892, miaka mitatu tu baada ya Atiman kufika Karema. Nyumba ya Malta ilifungwa 1896. Waliomtuma walikwisha, mpango uliomtuma ulikwisha. Mtu mwenye ujuzi wake angeweza kutafuta kazi pengine, juu kila serikali ilihitaji watu wanaojua dawa. Alibaki pale pale. Kama mwanzo wa safari haukuwa chaguo lake, kubaki miaka zaidi ya sitini ni chaguo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Hapo ule mwito ukawa wake.

Mwana padri

Mwaka wa 1917, huko Baudouinville, leo Moba, Stefano Kaoze aliwekwa padri, Mkongomani wa kwanza wa wakati huu kupata daraja hilo. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1923, ngambo ya ziwa, mwana wa Adriano na Agnes, Joseph Atiman, naye aliwekwa padri. Yeye ni kati ya mapadri wa kwanza wazaliwa wa Tanganyika.

Watu wa wakati ule walielewa maana yake. Babu na nyanya wa upande wa mama walikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wabende. Babu na nyanya wa upande wa baba walibaki kando ya Niger, wakilia mtoto aliyepotea. Baba alikuwa mtumwa. Na mwana alisimama altareni.

Adriano mwenyewe alisimulia maisha yake, na habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa linasomwa na watu wenye elimu wa koloni. Ni jambo la pekee, sababu kati ya maelfu ya watoto waliovukishwa jangwa ao ziwa wakiwa watumwa, wachache sana walipata nafasi ya kuandika habari zao wenyewe. Alipokuwa mzee alipewa pia nishani za heshima. Alikufa Karema akiwa na karibu miaka 90.

Jina lake halikuzikwa naye. Huko Sumbawanga kuna hospitali inayoitwa Dr. Atiman, na Dar es Salaam nyumba ya Mapadri Weupe inaitwa Atiman House. Karema yenyewe leo ina bandari mpya, iliyojengwa kwa ajili ya biashara na upande wetu wa Kongo. Wafanyabiashara wa ziwa wanaopita pale wanapita karibu na sehemu alikotumikia.

Kinachobaki kwa watu wa pwani hii

Upande wetu, kazi ya afya na kazi ya Kanisa zimetembea pamoja muda mrefu, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti. Hospitali ya Nundu, ambayo watu wa Makobola wanaijua vizuri, ilitoka katika kazi ya wamisionere wa Metodiste Libre. Vituo vingi vya afya kandokando ya barabara vina jina la kanisa kwenye kibao. Na wanaotumika ndani yake, wengi wanasema wamefuata mwito, hasa wakati mshahara umechelewa.

Maisha ya Atiman hayatoi ruhusa ya kumnyima mfanyakazi haki yake kwa kisingizio cha mwito. Misioni ilimpa nyumba, ikamwachia ndoa yake na nafasi ya kuishi. Haikumwambia ale maombi. Wala hayampi enfirmie ruhusa ya kukimbia mgonjwa kwenda kwenye maombi. Kwa muganga wa Karema, kitambaa cha kidonda kilichobadilishwa vizuri kilikuwa tayari sehemu ya utumishi wake, na katekismu ilipata wasikilizaji juu kidonda kilipona.

Kuna mambo matatu ambayo kituo cha afya chochote cha pwani hii kinaweza kuyachukua kwake. Kukaa: mtu anayehamishwa kila mwaka hawezi kujua familia za wagonjwa. Kujifunza bila kuona haya, hata kwa mzee wa miti, huku ukitenganisha linaloponya na lisiloponya. Na kuacha mgonjwa achague mwenyewe, juu mtu asiyekubali dini yako anahitaji dawa sawa na yule anayekubali. Kwenye mlango wa Karema, kwa miaka 67, homa haikuuliza nani amebatizwa.